Mombasa halikuchemsha, mbona Loresho lachemsha? Maji ya rejeta katika gari la zamani

Wapwani waliohamia Nairobi wakapanda na gari la mzee wana swali lao moja, nami nimeulizwa mara nyingi hata leo naliandikia safu nzima. Gari lilikaa Mombasa miaka thelathini, arubaini. Peugeot 404 ya baba, Land Rover ya marehemu babu, Morris Minor ya ami aliyekuwa karani bandarini. Huko chini, penye joto la kukausha kanzu kwa saa moja, lilikwenda Likoni, likaenda Kilifi, likarudi, na geji ya joto haikupita katikati. Limefika Loresho, kwenye baridi ya Julai ambapo watu wanavaa sweta mpaka saa nne, sasa linachemsha. Linatoa mvuke pale Kangemi, kabla hata ya kuiona Westlands. Je, ni kijicho? Ni fundi aliyeharibu?

Mara nyingi si kijicho wala si fundi. Ni maji ya rejeta, na hasa namna mwenye gari anavyoyapima. Naye alikuwa akiyapima hivyo hivyo tangu Mombasa, ila Pwani ilimvumilia. Loresho haimvumilii, na kosa lile lile lililokuwa likimgharimu lita moja ya maji sasa laweza kumgharimu hedi nzima ya silinda. Kwa gari ambalo spea zake hutafutwa kwa miezi, hapo wengi hulisukuma nyuma ya nyumba, likafunikwa turubai, ikawa ndiyo mwisho wake.

Tuanze na mlima wenyewe. Ukiwa ufuoni, tuseme pale Mama Ngina, maji huchemka kwa nyuzi 100. Kadiri unavyopanda ndivyo uzito wa hewa unaoyakandamiza maji unavyopungua, na maji yanachemka mapema zaidi. Mama yeyote aliyehamia Nairobi analijua hili kwa maharagwe yake, yanavyokataa kuiva kwa muda uleule wa Mombasa. Loresho iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hapo maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Sasa tazama injini. Katika gari nyingi za zamani thamostati, yaani kile kilango kinachoyaruhusu maji yaende kwenye rejeta, hufunguka joto likifika nyuzi 80 na kitu. Hapo ndipo injini inapofanyia kazi siku zote. Mombasa palikuwa na pengo la nyuzi kumi na tano au zaidi kati ya kazi ya kawaida na kuchemka. Loresho pengo limebaki nyuzi kumi, pengine chini ya hapo. Ukipanda kwenda Limuru, ambako unapita mita 2,200, limepungua tena, na wakati huo injini ndiyo inatoa jasho kwa mlima.

Tena kuna hewa. Hewa ya Loresho ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni inazunguka vilevile, lakini hewa inayopita kwenye rejeta inabeba joto kidogo zaidi. Baridi ya asubuhi hufidia kiasi. Saa saba mchana, kwenye foleni ya Waiyaki Way, hakuna cha kufidia.

Waliotengeneza magari walilijua hilo zamani, ndiyo maana wakabuni kifuniko cha rejeta chenye springi. Wengi wanakiona ni kizibo tu, kama cha chupa ya siki. Sivyo. Kile ni vali. Kinayafungia maji mpaka msukumo wa ndani ufike kiasi fulani, ndipo kinaachia. Maji yaliyo chini ya msukumo huchelewa kuchemka, kama kwenye ile sufuria ya kufunga ya kupikia maharagwe. Kifuniko cha pauni 7 kwa inchi ya mraba, ambacho magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yalikitumia, kikiwa kizima kinayasogeza maji ya Loresho kutoka nyuzi 94 hadi karibu 107. Cha pauni 4 kinayafikisha 102 hivi. Kwa hiyo gari lenye kifuniko kilichochoka, mpira wake umekauka na springi imelegea, Mombasa laweza kwenda miaka na usijue. Loresho utajua wiki ya kwanza.

Mwana wa ami yangu ana 404 aliyoirithi, nayo anaiweka Loresho. Alinipigia simu mwaka jana.

"Kaka, kila asubuhi naijaza maji mpaka mdomoni, na kila jioni yamepungua. Yaenda wapi?"

Nikamuuliza, "Mpaka mdomoni kabisa?"

"Kabisa. Mpaka yamwagike."

Basi hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo ninaloliona kwa watu wengi. Maji yakipata joto hutanuka. Kutoka baridi ya asubuhi hadi nyuzi 90, maji hukua kwa asilimia tatu na nusu hivi. Gari lenye lita 8 za maji ndani yake linahitaji nafasi ya zaidi ya robo lita kwa ajili ya huko kutanuka. Magari ya leo yana kichupa cha plastiki pembeni, kimeandikwa alama ya chini na ya juu. Maji yakitanuka huenda humo, yakipoa hurudi. Magari mengi ya zamani hayana kichupa hicho. Yana kimrija chembamba tu kinachoshuka kutoka shingo ya rejeta hadi chini ya gari. Ukijaza mpaka mdomoni, ile robo lita haina pa kwenda. Inatokea kwenye kimrija, inamwagika barabarani. Jioni unafungua, unaona yamepungua, unasema gari linavuja. Asubuhi unajaza tena. Gari linakohoa tena. Kumbe hakuna mahali linapovuja! Linarejesha tu kile ulicholizidishia.

Hasara yake si maji. Hasara ni kwamba kila siku unatia maji ya bomba na kutoa kulanti, na mwishowe rejeta inabaki na maji karibu matupu yanayokula chuma. Na hasara kubwa zaidi ni kuzoea. Mtu akishazoea kwamba gari lake "hunywa maji", siku linapovuja kweli hatashtuka.

Kiwango sahihi kwa gari lisilo na kichupa ni hiki: injini ikiwa baridi, maji yasimame vidole viwili hivi chini ya shingo ya rejeta, na ukichungulia uone mirija ya ndani imezama. Basi. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu. Ukijaza hapo, endesha siku mbili tatu bila kuongeza. Gari litajitafutia kiwango chake na kutulia hapo, na hicho ndicho utakachokuwa ukikilinganisha kila wiki. Likitulia, liache.

Sasa namna ya kupima. Pima asubuhi kabla ya kuwasha. Mimi nikilala kwa ndugu huko Nairobi hupima baada ya sala ya alfajiri, mwangaza ukishaanza kutosha. Gari limelala usiku kucha na hakuna joto lililobaki. Na pima mahali palipo sawa. Hili lina maana yake Loresho, maana mtaa wenyewe umekaa kwenye mgongo wa kilima, na vijia vingi vya kuingilia nyumbani vinateremka. Gari likiinamia mbele, maji yanakuja mdomoni na unadhani yamejaa. Likiinuka mbele, unaona pakavu, unaongeza, unarudi palepale pa kujaza kupita kiasi. Litoe mpaka barabarani kwenye sehemu tambarare, au weka alama mahali pamoja na upime hapo siku zote, ili angalau ulinganishe leo na jana.

Ule mteremko una faida siku moja tu, siku ya kujaza upya rejeta iliyomwagwa. Hewa hujificha kwenye hedi na kwenye mirija ya hita, na maji hayapiti penye hewa. Siku hiyo ligeuze gari pua iangalie juu, fungua hita mpaka mwisho, tia maji polepole huku ukiminya ule mpira mkubwa wa juu. Utasikia yanabubujika yakishuka. Magari mengi ya Mombasa hita zake zilikatwa zamani, nani alizihitaji, na mirija ikaunganishwa njia ya mkato. Loresho huenda ukataka kuirudisha, kwa ajili ya asubuhi za Julai, na pia kwa sababu hita ni rejeta ya pili. Siku gari linapoanza kupanda joto kwenye foleni, kufungua hita yote, hata kama wewe utalowa jasho ndani, hupunguza nyuzi kadhaa na huweza kukufikisha pembeni.

Nimesema "pembeni" kwa makusudi. Gari likichemsha, wenzetu wengi husimama, wakashuka wakikimbia, wakachukua kitambaa wakafungua kifuniko. Naomba msomaji usome hapa taratibu. Maji ya ndani huenda yako nyuzi 105, na hayajachemka kwa sababu tu kifuniko kimeyakandamiza. Ukikiondoa, mkandamizo unaisha ghafla, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke mara moja na kuyasukuma yaliyobaki nje kwa nguvu. Kitambaa hakizuii kitu. Kinalowa maji ya moto na kukung'ang'ania mkononi. Uso ndio huwa juu ya shimo. Na pembeni daima kuna mtoto au kijana wa kutazama.

Zima injini, fungua boneti kwa kuiachia polepole, ondoka. Subiri nusu saa kwa uchache, saa nzima ni bora. Kisha shika mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiuminya ukiwa mgumu kama mpira wa mguu, msukumo bado upo. Ukilegea, anza. Vifuniko vingi vina vituo viwili. Geuza hadi cha kwanza, usikandamize, uache upumue mpaka sauti iishe, ndipo ukandamize na kugeuza tena. Mikono mbali, uso mbali zaidi.

Aliyeungua apelekwe kwenye maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 nzima, kisha hospitali. Si dawa ya meno, si asali, si yai, si mafuta ya nazi.

Na usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemsha. Chuma kilichopanuka kwa moto kikipigwa maji ya baridi ghafla hupasuka. Peugeot 404 na 504 zina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini ikipata moto kupita kiasi hupinda. Hedi iliyopinda haikai sawa na gasketi, na gasketi ikiungua maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili. Ngoja ipoe. Ukishatia maji, tia kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma taratibu.

Nirudi kwenye geji, kwa sababu ndiyo inayowadanganya waangalifu. Watu husema, "Mimi naitazama geji kila wakati." Geji ya joto haipimi injini. Inapima kitu kilichogusa kile kibofu chake kidogo kilichopachikwa kwenye njia ya maji. Maji yakishuka chini ya kibofu, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na sindano huweza kushuka. Yaani gari limeishiwa maji, linaungua, na dashibodi inakuambia mambo ni baridi. Sindano ikishuka ghafla gari likiwa linapanda mlima, usishukuru. Simama. Hakuna geji inayoweza kuchukua nafasi ya kufungua kifuniko asubuhi na kuchungulia.

Magari ya zamani zaidi yana shida nyingine ya kiwango. Ford Model T, kwa mfano, nyingi hazina pampu ya maji kabisa. Maji ya moto hupanda yenyewe, yanaingia juu ya rejeta, yanapoa, yanashuka, yanarudi chini ya injini. Ni ufundi mzuri wa kutumia uzito wa maji tu. Lakini yakishuka chini ya lile tundu la juu, mnyororo umekatika na hakuna mzunguko tena, hata kama rejeta bado ina maji mengi. Kwa gari la namna hiyo vidole viwili si ushauri, ni uhai. Na ukiwa na Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, funga makala haya uende zako, maana haina maji. Inapozwa na hewa. Si ajabu kwamba ilishinda Safari Rally mara kadhaa miaka ya mwanzo, 1954, 1957 na 1962. Iliyokuja kuitawala baada yake, 404, iliyoshinda 1963 kisha 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na jawabu lake: feni yenye sumaku ya umeme, inayojiunga injini ikipata joto na kujiachia ikipoa. Mwenye 404 na aikague hiyo feni. Waya zake ni za miaka sitini, na ikiacha kujiunga, Mombasa kwenye barabara wazi upepo hukusaidia. Kwenye foleni ya Kangemi hakuna upepo.

Kuhusu kifuniko kipya, tahadhari moja. Ukienda Kirinyaga Road, wazee bado wanaiita Grogan, utapata vifuniko vya kila aina kwa bei nafuu, vingi vya magari ya Japani. Vinaandikwa 0.9 au 1.1, na kwa kuwa namba ni ndogo mtu hudhani ni vya msukumo mdogo kuliko chake cha 7. Kinyume chake! 1.1 ni vipimo vingine, na ni sawa na pauni 16 hivi. Rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa risasi miaka sitini iliyopita, iliyoundwa ibebe pauni 7 au 4, ukiipa 16 itaachia kwenye maungio, au mpira utapasuka, au hita itakumwagia maji ya moto miguuni ukiwa unaendesha. Tafuta namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, na hakikisha kina cha shingo kinalingana, maana kifuniko chaweza kukaa vizuri juu na springi isifike chini. Na ukiona mpira wa rejeta umebonyea ndani kama umenyonywa gari likipoa, kifuniko ndicho mbaya: kina kivali cha pili, kidogo, cha kuruhusu hewa irudi ndani, nacho kimeganda.

Maji gani? Hapa Wapwani tuna somo letu wenyewe. Maji ya visima vyetu vingi Mombasa yana chumvi, kila mtu anajua ladha yake, na magari mengi yaliyolelewa mjini yalinyweshwa hayo. Chumvi inakula chuma, inakula alumini zaidi, na chokaa hujigandisha kwenye mirija ya rejeta mpaka nusu yake imeziba. Rejeta iliyoziba nusu Mombasa ilitosha kwa pengo lile la nyuzi kumi na tano. Kwa hiyo gari likipanda Nairobi, jambo la kwanza kabla ya kulaumu mlima ni kuimwaga rejeta na bloku, kuisafisha, na ikibidi kumpelekea fundi wa rejeta aifungue juu na kuzibua mirija. Ukishika rejeta kwa uangalifu baada ya gari kutembea kidogo, ukakuta sehemu moja ni ya moto na nyingine baridi, hiyo baridi imeziba.

Baada ya hapo, tia maji safi yasiyo na madini, yale yaliyochujwa kwa mvuke yanayouzwa kwenye chupa kwa ajili ya betri. Soma lebo mara mbili, kwa sababu watu huita "maji ya betri" vitu viwili tofauti, na kimoja ni asidi. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa pia. Changanya nusu kwa nusu na kulanti. Wapo wanaosema kulanti ni ya Wazungu wenye barafu, Nairobi hakuna barafu ya kugandisha rejeta. Ni kweli haigandi, lakini hiyo ni nusu ya kazi yake. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwa joto la juu kuliko maji matupu kwa nyuzi saba hivi, nazo pale Loresho si haba. Na una dawa za kuzuia kutu. Penye chuma, alumini na shaba kwenye maji yaleyale, maji matupu huanza kuzifanya kama betri, na moja huliwa kwa ajili ya nyingine.

Rangi si kipimo, kila kiwanda kina rangi zake. Kwa rejeta ya shaba na risasi mimi huchagua kulanti ya aina ile ya zamani, iliyoandikwa kuwa inafaa magari ya kale, na kuibadilisha kila baada ya miaka miwili. Hizi mpya za miaka mitano zilitengenezwa kwa rejeta za alumini na plastiki, na baadhi yake hazipatani na risasi wala mipira ya zamani. Usichanganye aina mbili. Nyingine hugeuka uji. Na wale wanaotia manjano au yai ili kuziba kitundu, manjano mahali pake ni mchuzi. Yanaziba kitundu, kweli, na yanaziba mirija pamoja nacho.

Ukishalijua hilo la vidole viwili, na kifuniko ni kizima, na bado maji yanapungua, sasa ndipo useme linavuja. Weka daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, umeongeza kiasi gani. Nusu lita kwa miezi miwili katika gari la umri huo si habari kubwa. Nusu lita kwa wiki ni habari. Angalia chini ya pampu ya maji, kuna kitundu kidogo cha makusudi. Kikidondosha, sili ya ndani imekwisha. Angalia maungio ya rejeta kama kuna unga mweupe au wa kijani uliokauka. Angalia zulia la abiria wa mbele kama limelowa na lina harufu tamu, hapo ni hita. Nje kukiwa kukavu kote, maji yanakwenda ndani. Chomoa kijiti cha oili: oili ya rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Ukiwasha injini baridi kifuniko kikiwa wazi ukaona mapovu yanapanda bila kukoma, au bomba la moshi linatoa moshi mweupe wenye harufu tamu hata baada ya injini kupata joto, gasketi imeondoka. Katika 404 na 504 kuna njia nyingine: silinda zake zimepachikwa kama glasi ndani ya maji, na sili za chini zikichoka maji yanashuka kwenye oili hata gasketi ya hedi ikiwa nzima. Mwambie fundi akague zote mbili kabla ya kufunga.

Wanaojitayarisha kwa maonyesho ya Concours d'Elegance, yale ya klabu ya Alfa Romeo yaliyoanza 1970 na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hung'arisha rejeta kwa nje mpaka ujione. Majaji wanapenda. Lakini kutoka Loresho mpaka Ngong Road siku ya Jumapili ni foleni, na foleni haitazami kung'ara.

Mwaka ule wa kwanza wa kulihamisha gari, ukilipandisha kutoka Mombasa, ondoka usiku wa manane au alfajiri ili upande Mariakani na Taru kukiwa baridi. Pima Voi baada ya kupumzika, pima Mtito Andei, pima Emali. Beba lita tano za mchanganyiko uliokwisha kutengenezwa, mkanda wa feni wa akiba, na mpira wa juu.

Na kulanti uliyomwaga usiiache kwenye beseni uani, wala usiitie kwenye chupa ya soda. Ni tamu, na ni sumu. Paka akilamba kidogo tu hufa kwa figo, na paka wa kwetu hulamba kila kitu. Mtoto mdogo naye huipenda kwa sababu ya utamu na rangi. Akiinywa, hata kama anaonekana mzima, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo na uende na chupa yake ili daktari asome alichokunywa. Iliyobaki itie kwenye dumu lenye kifuniko, uandike kwa kalamu kubwa ni nini, umpelekee fundi wa gereji anayekusanya oili chafu.